Mkia Unaoua

Nainokanoka
2 Machi 2024

Luqman,

Mnara wa simu umepigwa na radi, kwa hiyo leo utausoma mwandiko wangu, ule uliokuwa ukiuchungulia kwenye mtihani wa hesabu. Barua hii anakuletea Simel, dereva wa gari la maziwa. Nijibu kwa mkono wake huohuo.

Juzi saa sita mchana simba jike alimkamata mke wangu Nosim kisimani. Alikuwa na punda na madumu mawili. Simba aliruka juu ya punda akamvunja shingo. Mtu mwingine angekimbia, lakini Nosim unamjua. Alimpiga simba na dumu la maji kichwani. Simba akamwacha punda, akamshika yeye mkono, akaanza kumburura kuelekea vichakani. Tulipofika na mikuki mkono ulikuwa umeshikiliwa begani na kipande kidogo cha nyama, na Nosim bado anamtukana simba kwa sauti. Tumempeleka hospitali. Mkono wameukata.

Simba huyo ninamfahamu. Ana sikio moja lililochanika. Tangu Januari amekula mitamba yangu mitano. Askari wa wanyamapori walikuja, wakaandika kwenye daftari, wakanywa chai, wakaondoka. Nikimchoma mkuki nafungwa. Haya, sitamchoma mkuki. Nataka ile poda wanayotumia wakulima wa vitunguu kule Mang'ola. Najua unayo dukani kwako, mdogo wangu Moringe anayekulindia hapo aliniambia ulimkataza hata kufagia karibu nayo. Nifungie kopo moja, mpe Simel.

Lekoko


Karatu
6 Machi 2024

Ndugu yangu Lekoko,

Pole sana. Mke wangu Hasna alipoisikia habari ya Nosim aliacha unga kwenye sufuria ukaungua. Moringe amekaa kwenye kigoda chake mlangoni na rungu lake mapajani. Nimempa ruhusa aende hospitali kumwona shemeji yake.

Kopo sikupi. Usikunje uso, soma kwanza.

Rafu yangu ya juu ina chupa na makopo kumi na mawili. Ya wadudu imeandikwa insecticide, ya magugu herbicide, ya ukungu fungicide, ya kupe acaricide. Mbele panabadilika, nyuma ni kulekule, -cide. Unamkumbuka Mwalimu Germana, yule mama wa Kiiraqw wa shule yetu ya Ganako, alivyotuimbisha kidato cha pili? Mbele ni jina la marehemu, mkia ni kifo chake. Akasema mkia ule Waingereza hawakuutunga wao. Waliuchukua kwa Wafaransa, na Wafaransa kwa Warumi, na kwa Warumi lilikuwa neno la shoka na panga: kukata, kupiga, kuangusha chini, iwe mti iwe mtu. Wewe ukanyoosha mkono ukauliza neno la kuua simba ni lipi. Akasema hajawahi kulisikia, ulitunge mwenyewe. Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka zaidi kwa sababu nilikuwa dawati moja na wewe na nilijua hukuwa unatania.

Sasa unataka nikutungie mimi. Lekoko, kopo limeandikwa wadudu, lakini poda iliyomo ndani haijui kusoma. Mwaka jana kule Qurus mzee mmoja alimwekea fisi poda hii. Alizika mbwa wanne, na ng'ombe wake mwenyewe aliyelamba damu kwenye majani. Walipompasua ng'ombe huyo ini lilikuwa limegeuka uji mweusi.

Nimempa Simel taa tatu za sola na waya wa kuzungushia zizi. Vitumie hivyo. Nosim atapona, mikono miwili ilikuwa mingi kwa mwanamke mwenye ulimi ule.

Luqman


Nainokanoka
18 Machi 2024

Luqman,

Moringe alikuwepo mazikoni, kwa hiyo habari unayo. Lakini yeye alifika kaburi likiwa limeshafukiwa, basi nikuambie asiyoyaona.

Kidonda kilioza. Bega lilivimba likapasuka lenyewe, usaha ukamwagika mpaka sakafuni, nesi akatoka nje kutapika. Siku tatu za mwisho alikuwa akinipiga kwa mkono ule ambao hakuwa nao. Alikuwa anaona simba kila upande. Mimi alinidhania ni simba. Mke wangu alikufa akinikimbia mimi, unasikia? Nilimshika ili asianguke kitandani, akafa anajitahidi kuning'ata.

Jina lake sitaliandika tena, nawe usiliandike. Unajua kwetu jina la aliyekufa haliitwi.

Taa zako zinawaka vizuri. Jana simba alipita chini ya taa hizo, akachukua ndama mchana kweupe, tukimwangalia.

Usiniletee Warumi tena. Umekaa dukani kivulini unanifundisha mkia wa neno, mimi nimeshika mwili wa mtu. Kama ungenipa kopo siku ile nilipoliomba, huyu ndama angekuwepo. Kama hunipi sasa, basi urafiki wetu ulikuwa wa dawati tu, na dawati lile nadhani limeshachomwa kuni.

Lekoko


Karatu
20 Machi 2024

Lekoko,

Chukua. Liko ndani ya gunia la chumvi ya ng'ombe, katikati. Simel hajui amebeba nini.

Usiliguse kwa mkono mtupu. Waambie watu wote wa boma, wachungaji wote, hata watoto wachanga waambie. Usimwambie mtu yeyote lilikotoka. Poda hii natakiwa nimwuzie mkulima mwenye shamba na niandike jina lake, nami sikuandika chochote. Moringe hajui na asijue. Ni kijana mkweli mno, akiulizwa atajibu.

Barua hii ichome.

L.


Karatu
26 Machi 2024
Saa tano asubuhi

Lekoko,

Lirudishe. Kama hujalitumia, lifunge ulivyolikuta umpe Moringe aje nalo. Kama umeshalitumia, ichome moto nyama uliyoitia poda, chimba shimo, fukia, usiache hata mfupa.

Jana alikuja Mwalimu Germana kununua sumu ya panya. Amestaafu, anatembea na fimbo, lakini bado ukikosea kusema anakusahihisha palepale. Kwa mzaha nikamwambia, Mwalimu, ule mkia wako wa kuua ndio unaonilisha. Hakucheka. Akaniambia, "Somo hukulimaliza, Luqman, ulikuwa unapiga soga na yule Mmasai wako." Akanieleza kwamba kwa Warumi mikia ilikuwa miwili iliyofanana, mmoja wa kitendo cha kuua na mwingine wa mtu anayeua. Ilipofika kwa Waingereza ikawa mmoja. Kwa hiyo neno homicide ni kule kuua mtu, na ni huyo aliyeua pia. Nikamfungia sumu yake, nikasahau kumdai pesa.

Naogopa, ndugu yangu. Sasa hivi ukiniuliza nimepima nini asubuhi hii sijui. Nilikupa kwa hasira ya kilio chako, na kwa aibu, maana uliniita rafiki wa dawati. Hiyo si sababu ya kumpa mtu kopo lile.

Mvua imekata barabara na gari la maziwa halipandi, ndiyo maana namtuma Moringe. Atapanda gari lolote mpaka geti la hifadhi, kisha amalize kwa miguu. Nimemwambia ni barua ya chanjo ya ng'ombe na ni ya haraka sana. Bahasha nimeigundisha. Aliomba asubiri kidogo ale, nikamfukuza. Mimi nimefunga, Hasna naye hajawasha jiko, nikasahau kabisa kwamba mwenzetu hajafunga. Amekimbia hivyohivyo na shuka lake na rungu. Mpe chakula kabla hujafanya jingine lolote.

Luqman


Nainokanoka
31 Machi 2024

Wewe,

Barua yako nimeitoa kwenye mfuko wa shati lake. Ilikuwa imelowa matapishi upande mmoja, lakini nimeweza kuisoma yote.

Sitaliandika jina lake. Alikuwa mdogo wangu, wa mwisho wa mama yetu, wewe ulimpa kigoda mlangoni kwako. Sasa sikiliza.

Tarehe ishirini na sita nilichinja mtamba aliyevunjika mguu. Nikampasua mapaja na mbavu, nikaingiza poda yako ndani ya nyama kama mama anavyofutika dawa kwenye ugali wa mtoto. Nikamweka bondeni, njia ambayo simba yule hupita. Watu wa boma wote niliwaambia. Wachungaji wote niliwaambia. Boma la jirani nililitumia mtu. Aliyekuwa hajaambiwa ni mmoja tu, na huyo alikuwa Karatu.

Halafu nikafanya ujinga wangu. Niliogopa tai wasije wakazunguka juu, askari wakawaona wakaja. Nikakata matawi mabichi nikaifunika nyama yote. Luqman, wewe ni mtu wa duka hujui, lakini mimi najua tangu sijaota meno. Mzoga ulioachwa na simba haufunikwi na mtu. Nyama iliyofunikwa matawi mabichi ni nyama ya watu. Mwenyewe amekwenda kuita wenzake. Mpita njia mwenye njaa akate kipande chake, ale, arudishe matawi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha mdogo wangu. Niliifunika kwa ajili ya tai na sikumkumbuka binadamu.

Alifika bondeni kesho yake mchana, hajala tangu kwako. Alikata paja. Alirudisha matawi vizuri, ameyapanga kuliko nilivyoyapanga mimi. Akawasha moto hatua thelathini pembeni, akachoma, akala.

Tulimkuta jioni, jua likiwa bado. Povu limetoka mdomoni na puani, limechanganyika na damu kwa sababu alikuwa ameukata ulimi wake kwa meno. Macho yako wazi, mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Ardhi ya pande zote ameichimba kwa kucha na visigino, kucha tatu zilikuwa zimebaki kwenye udongo. Amejikunja mgongo kinyumenyume mpaka tulishindwa kumnyoosha. Na kwenye ncha ya shuka alikuwa amefunga mbavu mbili kwenye majani. Alikuwa anampelekea yeyo, mama yetu mzazi. Alizifungua mwenyewe akitafuta barua au pesa, na kama nisingempiga mkono angezitia chunguni.

Simba alipita. Nimeona nyayo zake. Alisimama hatua kumi kutoka kwenye nyama, akazunguka, akaenda zake. Mzima kabisa.

Umemwambia ni chanjo ya ng'ombe. Ungemwambia neno moja la kweli, angeiona nyama ile na kuikimbia. Uliogopa kunyang'anywa leseni yako ya duka. Na ukamnyima chakula.

Ijumaa nateremka Karatu. Siteremki kuzungumza. Ukikimbia nitakufuata mpaka Tanga kwa wajomba zako.

Lekoko


Karatu
3 Aprili 2024

Lekoko,

Barua yako ameileta Simel akaiweka mezani, akaondoka bila kunisalimia.

Sikimbii. Hasna amenisihi niende kwa wajomba, na nilishafunga begi, nikalifungua. Ijumaa duka litakuwa wazi kama kawaida. Mimi nitakuwa nje kwenye kigoda chake, ili usilazimike kuruka kaunta.

Yote uliyoandika ni kweli, na kuna jingine hukulijua. Alipoomba kula, mkononi mwangu mlikuwa na funguo za stoo, na stoo ina katoni nzima ya biskuti. Ningeweza kumtupia pakiti. Sikuwaza, nilimwambia, "Nenda, utakula kwa kaka yako." Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Tangu niliposoma barua yako nimekuwa nikiyasikia dukani kila mtu akiingia.

Mama yenu, Mama Nasieku, mwambie... hapana, usimwambie kitu. Sina cha kumwambia yeyo wenu.

Luqman


Mahabusu, Karatu
24 Aprili 2024

Luqman,

Karatasi hii nimepewa na padri anayekuja Jumatano. Jicho la kushoto bado limefumba kwa hiyo mistari inapanda na kushuka.

Sijui unakumbuka kiasi gani cha Ijumaa ile, maana nilikupiga kichwani mapema. Nataka uipate yote. Nilikukuta umekaa kweli pale kwenye kigoda, umevaa kanzu, mikono magotini kama bwana harusi. Hasira ilizidi. Nilitaka nikukute umejificha. Rungu la kwanza lilivunja mkono uliouinua, nilisikia mfupa. La pili lilikuwa la taya, meno yako mawili yalidondoka kwenye ngazi na mimi nikayaona na bado nikakupiga la tatu. Ukaanguka chali. Nikauchukua mkuki nikauweka hapa chini ya koo, nikaegemea kidogo, damu ikatoka. Mkeo alikuwa anapiga kelele mlangoni. Na wewe, kwa mdomo ule uliovunjika, ukasema, "Alikuwa na njaa."

Hukuomba. Ulisema hilo tu. Ningeegemea kidogo zaidi ningemaliza. Nikauchomoa nikaupiga kwenye kigoda, ukapasua ubao ukakwama, nikakaa chini kando yako nisubiri polisi.

Waliotangulia walikuwa vijana wa bodaboda na wenye maduka. Walikuwa na haki, walikuona umelala kwenye damu na Mmasai kakaa pembeni. Mawe, minyororo, fremu ya baiskeli. Mmoja alisema waleteni petroli, na ikaletwa, nilisikia ubaridi wake mgongoni. Halafu kitu kizito kikanilalia juu. Nikajua ndiyo mwisho, wananikandamiza ili wawashe. Kumbe ni wewe. Mkono mmoja umening'inia, umenifunika kama mtu anavyofunika ndama mvua ya mawe ikinyesha, jiwe moja likakupiga kisogoni badala yangu. Walirudi nyuma kwa sababu hakuna aliyetaka kukuchoma wewe.

Polisi nimewaambia nilikupiga. Wakauliza kwa nini, nikawaambia na habari ya nyama yote, ya matawi na ya mdogo wangu. Kule nyumbani wazee walikuwa wamekubaliana isemwe aliumwa na nyoka, ili yeyo asipoteze wana wawili. Mimi nimeshindwa kubeba nyoka ambaye hakuwepo. Afande mmoja aliyesoma akaniambia Kiingereza kina neno mahsusi la kumuua ndugu yako. Nikamwambia najua, mbele ni ndugu na nyuma ni mkia wa Mwalimu Germana, na anaitwa hivyohivyo na aliyefanya. Alidhani nimechanganyikiwa.

Waliniuliza kopo nililipata wapi. Nikasema niliokota njiani, limeanguka kwenye gari la wakulima. Wameandika hivyo. Basi nyamaza. Una mke, una duka. Deni letu liishie hapo, nimekuvunja na umenifunika.

Chakula cha hapa nakirudisha. Si kwamba ni kibaya. Nikishika tonge naona kucha zake kwenye udongo. Wenzangu wamechoka kuniuliza.

Lekoko


Karatu
30 Aprili 2024

Ndugu yangu,

Naandika kwa mkono wa kushoto, na taya limefungwa waya, kwa hiyo hata Hasna tunaandikiana. Anasema tangu anijue sijawahi kuwa mume mzuri hivi.

Mama Nasieku amekuja. Sikumtarajia. Aliingia saa mbili asubuhi, akakitazama kigoda na ule ufa wa mkuki, akakikalia. Nikatoka nikapiga magoti mbele yake barabarani, watu wanaangalia. Sikuweza kusema, taya. Nikamwandikia kwenye karatasi, kisha nikakumbuka hajui kusoma. Akaichukua akaikunja akaitia kifuani. Akamwambia Hasna kwa Kiswahili chake kile kifupi kwamba mtoto wake mmoja hali chakula, na kwamba kuna mtu mmoja tu anayeweza kumlisha.

Kwa hiyo sinyamazi. Jana nilikwenda kituoni nikawaandikia yote: gunia la chumvi, barua ya chanjo, leseni. Nilipofika kwenye mstari wa aliyelitoa kopo nikaandika majina yangu yote matatu, langu na la baba na la babu. Afande akaniuliza kama nina akili timamu, kwa sababu wewe ulishaniokoa na mimi narudi mwenyewe. Chupa na makopo yote yaliyobaki wameyabeba kwenye ndoo. Rafu ya juu ni tupu, zimebaki alama za duara kwenye vumbi.

Kesho asubuhi natakiwa kuripoti na begi. Wamesema huenda wataniweka upande wenu, kwa kuwa kesi ni moja. Kama ni hivyo nisogezee nafasi kama dawatini, nami sitanakili chochote safari hii.

Hasna anapika sasa hivi wali na mchuzi wa mbuzi, yeyo wako ndiye anayekoroga. Wamekubali niingie na bakuli moja. Mimi siwezi kutafuna, lakini mchuzi nameza. Nitakaa mbele yako, Lekoko, na sitakuambia kula. Nitaonja kwanza mimi, kisha tutangoja pamoja mpaka uone sijafa.

Luqman